Mfuko wa Supu Uliorudi na Sombe

Jumapili moja ya Februari, mwaka 2004, mzee wa Kiyahudi alinipigia simu kwa sauti ya mtu aliyekuta nyoka jikoni.

"Harrison, kuna sufuria ya majani ndani ya mfuko wetu wa chakula."

"Majani gani, mzee?"

"Ningeyajua ningekupigia? Ya kijani. Yamepondwa. Yana mafuta mekundu, na kuna samaki wadogo humo ndani wananitazama."

Nikaanza kuvuka barabara, simu sikioni.

"Hakuna Myahudi hata mmoja kusini mwa London anayekubali kwamba ni yake," akaendelea. "Na mmoja wa walionirudishia mifuko leo, ambaye Kiingereza chake sikukielewa, alitaja jina lako."

Nilisimama katikati ya barabara pale Thornton Heath. Basi likanipigia honi. Dereva akanipa maneno ambayo sitayaandika hapa kwa sababu mama yangu husoma.

Majani hayo niliyajua: sombe, kisamvu cha Wakongo. Na nilijua jambo ambalo mzee huyo hakulijua. Ndani ya ukumbi uliokuwa mbele yangu, mchana huohuo, chama cha Wakongo wa mtaa ule kilikuwa kinaenda kuvunjwa. Na sababu ya kuvunjwa ilikuwa kazi ya mikono yangu.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, la sivyo mtanilaumu bure. Mkishasikia yote, mtanilaumu kwa haki.

Nilikuwa mwanafunzi Croydon, kijana wa Kitale mwenye kichwa kikubwa kuliko kofia zote za soko. Kutengeneza tovuti nilijifunza mwenyewe, kama nilivyojifunza mwenyewe kupanga vina na mizani. Hakuna mwalimu aliyenishika mkono, na kila niliyekutana naye nilihakikisha amelijua hilo kabla ya kumaliza chai yake.

Nikawa ninajitolea. Timu ya mpira ya watoto, nikaijengea tovuti. Kikundi cha akina mama wa kushona, nikakijengea. Sikutaka senti. Nilichotaka ni jina langu pale chini kabisa ya ukurasa: Imejengwa na Harrison.

Hivyo ndivyo nilivyofika kwa Mzee Lionel.

Lionel alikuwa dereva wa teksi mstaafu, zile nyeusi za London, na bado aliendesha moja kuukuu. Karibu na Streatham, yeye na wenzake waliendesha jiko dogo la kupelekea supu wazee wa Kiyahudi wanaoishi peke yao. Waliopiga simu kuomba supu walikuwa wanapungua. Watoto wao walikuwa wamehamia kaskazini ya jiji, na wenyewe walikuwa wanahamia makaburini.

Siku ya kwanza alinipa sharti moja tu.

"Tovuti ifungwe Ijumaa jua likizama. Ifunguliwe Jumamosi usiku ukiingia."

"Mzee, kompyuta haina dini."

"Si umesema itafanya kazi yenyewe bila mtu kuigusa?"

"Ndiyo."

"Basi ipumzike yenyewe bila mtu kuigusa."

Nilikasirika, halafu nikapenda. Lilikuwa fumbo zuri. Nikaandika mistari ya programu inayokokotoa jua la London linazama lini kila wiki, kiangazi na baridi. Likizama tu, tovuti nzima inajificha, unabaki ukurasa mmoja mweupe wenye maneno machache: Tunapumzika kwa ajili ya Sabato. Kama una shida, piga namba hii.

Namba hiyo ilikuwa ya Surjit, Singasinga wa kilemba, jirani yao, ambaye Sabato ya Wayahudi haimzuii kushika simu. Jumamosi alipokea majina, Jumapili alipeleka chakula na kukusanya mifuko mitupu ya wiki iliyopita. Na kwa amri ya Lionel, mpigaji hakuulizwa yeye ni nani. Aliulizwa anakaa wapi na kama anakula kuku.

Kazi ile ilinivimbisha kichwa mwezi mzima.

Ndipo akaja Mama Célestine.

Mama Célestine alitoka Bukavu, ambako watu ni batu na ndiyo ni njo. Alifanya kazi ya kutunza wazee, na ndiye mwenyekiti wa chama cha Wakongo Thornton Heath. Alikianzisha mwenyewe, kwa sababu alipofika nchi hii alikwenda peke yake kwenye lile jengo refu la uhamiaji Croydon, akakaa kwenye kiti, akalia, na hakukuwa na mtu wa kumshikia mtoto ili alie vizuri. Akaapa mwingine asiende peke yake. Chama chake kilikuwa hicho tu: mtu akiitwa Croydon, mwenzake anamsindikiza.

"Harrison, mutoto yangu, tufanyie website," akaniambia. "Batu bajue tuko."

"Mama, hiyo ni kazi ndogo kwangu."

Ilikuwa ndogo kweli. Nilichukua tovuti ya Lionel nikainakili yote. Nikafuta supu, nikaweka historia ya Kivu. Nikabadilisha rangi. Nikaongeza kurasa juu ya kurasa: picha, hotuba, ramani inayometameta, bendera inayopepea. Mama Célestine alipoona bendera inapepea alishika mdomo.

"Umeijenga yote weye peke yako?"

"Kutoka chini mpaka juu," nikasema, bila haya.

Baada ya wiki chache simu zikaanza.

"Harrison, juu ya nini website inafunga kila Ijumaa?"

"Haiwezi kufunga, mama. Ni intaneti yenu."

"Batu banasema nimekuwa Musabato!"

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kwetu tunaosema Kiswahili, ukitaja Sabato hakuna anayewaza Myahudi. Anawaza Waadventista, Wasabato, jirani zetu wasiokula nguruwe na wasiofua Jumamosi. Na katika chama kile kulikuwa na Wakatoliki, walikuwepo walokole, na Wasabato wachache, na amani ilidumu kwa sababu hakuna aliyegusa suala la siku.

Katibu wa chama, Nathanaël, alikuwa mlokole wa kuwaka moto. Yeye alisoma ukurasa ule mweupe akaona njama.

"Mwenyekiti ameuza chama," akatangaza. "Leo wanafunga website. Kesho watatufungia sufuria."

Wasabato wenyewe walishangaa kuliko wote, lakini wakaanza kutembea vifua mbele kidogo, na hilo lilimchoma Nathanaël zaidi. Akaitisha mkutano. Hoja ikawa moja: chama kigawanywe, walokole waende kivyao. Na kanisa lililowaazima ukumbi lilikuwa limesema wazi, linaazima chama kimoja, si viwili vinavyogombana. Kugawana kulimaanisha kukosa ukumbi, na kukosa ukumbi kulimaanisha mwisho.

Mama Célestine hakuapa kwamba hajabadili dini. Alisema tu, "Batu baende peke yao tena kule Croydon? Njo vile munataka?"

Nami je? Nilikuwa nimeshampata mkosaji.

Fanuel. Mtanzania wa Musoma, Msabato wa kuzaliwa, fundi wa kompyuta. Aliwahi kujitolea kuwajengea Wakongo tovuti kabla yangu, wakanichagua mimi. Kwa akili yangu kesi ilikuwa imekwisha: alikuwa amevunja tovuti yangu kwa wivu.

Nilimkuta Ijumaa jioni kwenye duka la Kailash, pale tunaponunua kadi za kupigia simu nyumbani. Nilimkunja shati mbele ya magunia ya mchele.

"Toa mikono yako kwenye tovuti yangu!"

"Kaka, salamu kwanza," akasema.

"Salamu ya nini? Unaifunga kila Ijumaa jua likizama! Unadhani sijui?"

Fanuel aliniangalia. Kisha akamwangalia Kailash. Kisha akaanza kucheka taratibu, kama gari linalowashwa asubuhi ya baridi.

"Kaka, mimi ni Msabato. Ijumaa jua likizama sigusi kompyuta. Yaani unadhani mimi nimevunja Sabato ili nikufungie Sabato?"

Kailash, ambaye Kiswahili alikulia nacho Kisumu, aliinamia mashine yake ya hesabu akitetemeka mabega.

"Na sasa niachie shati," Fanuel akasema. "Jua linazama, nina safari ya kwenda nyumbani."

Nikamwachia. Nilikwenda chumbani kwangu nimenuna, nikafungua tovuti ya chama nikakaa nikiitazama. Bendera ikawa inapepea. Ramani ikawa inameta.

Nje, mwanga ukafifia juu ya reli ya tramu.

Bendera ikatoweka. Kila kitu kikatoweka. Ukabaki ukurasa mweupe, maneno machache, na namba ya simu.

Niliifahamu namba ile kama ninavyofahamu mwandiko wangu. Mistari ya jua ilikuwa yangu. Nilikuwa nimewanakilia Wakongo wa Thornton Heath Sabato ya Wayahudi wa Streatham, pamoja na Singasinga wao.

Niliifuta mistari ile palepale. Tovuti ikafunguka, bendera ikarudi kupepea. Nikajisemea: imekwisha, Jumapili nitasema ilikuwa hitilafu ya mitambo, nani atajua?

Jumapili ndipo Lionel akanipigia.

"Kijana, njoo uone hii sufuria," akasema kwenye simu.

"Siwezi, mzee. Niko mlangoni mwa mkutano. Hii ni ya kufa na kupona."

"Mkutano uko wapi?"

Nikamwambia, mjinga mimi.

"Vizuri. Ninakuja. Sufuria nzuri hii, mwenyewe lazima aipate."

Nikaingia ukumbini jasho linanitoka mwezi wa Februari.

Watu walikuwa wamekaa pande mbili, kama harusi ambayo bwana na bibi hawasemezani. Katikati, peke yake mezani, Mama Célestine, kitenge chake kimefungwa kwa nguvu kama anayekwenda kubeba mzigo. Nathanaël alikuwa amesimama.

"Ndugu zangu, nauliza kitu kimoja," alisema. "Hii chama imefanya nini mwaka huu? Website yenye kulala! Inalala kuliko mulinzi! Tupige kura, tumalize."

"Kura! Kura!" upande wake ukaitikia.

Ndipo Mzee Gervais akainuka nyuma. Gervais alikuwa mwalimu wa zamani kutoka Uvira, mfiwa. Tangu mke wake azikwe, alikuwa hajawahi kusema neno mkutanoni. Alikuwa amekonda wakati wa msiba mpaka suti ikamkataa. Siku ile, niligundua, suti ilikuwa imemkubali tena.

"Nathanaël, unauliza chama imefanya nini?"

"Ndiyo, papa."

"Inanilisha."

Vichwa vikageuka nyuma.

"Ile Sabato munaitukana," Gervais akasema, "miye niliona namba pale. Jumamosi moja nilikuwa sijakula tangu jana yake. Nikapiga. Muntu mumoja muzuri sana akaniuliza unakaa wapi, unakula kuku? Nikasema kuku nani hakule? Kesho yake, supu ya moto. Na mukate wa kusuka kama nywele ya binti. Kila Jumapili mpaka leo. Mwanaume wa kilemba analeta, anakaa kidogo, ananiuliza nimelala je."

Akamgeukia Mama Célestine. "Présidente, nilitaka kukushukuru. Lakini nilifikiri unafanya kwa siri, sikutaka kukuaibisha."

Mama Célestine hakuelewa hata herufi moja. Kisha, polepole, akanigeukia mimi.

Namshukuru Mungu mlango ulifunguliwa wakati huohuo. Sikumshukuru muda mrefu.

Aliingia Lionel, kofia ndogo kichwani, koti la mvua, na sufuria mikononi ameishika mbali na mwili wake kama mtoto wa mtu mwingine.

"Njo huyu!" Gervais akapiga kelele. "Leo amekuja huyu! Huyu njo muzungu wa chama yetu!"

"Mzungu wa chama gani?" Nathanaël akauliza.

Lionel aliona watu wote wanamtazama, akavua koti. "Samahani kuwasumbua. Ninatafuta mtu atakayenieleza kwa nini mfuko wangu, ambao hurudi mtupu, umerudi na chakula."

Nikatafsiri. Gervais akavimba kwa heshima iliyojeruhiwa.

"Mwambie huyu mzee: muntu ananiletea chakula, nimurudishie mufuko mutupu? Miye nililelewa. Ile ni sombe. Nilitwanga kwa mikono yangu."

Nikatafsiri tena. Lionel akasikiliza, na uso wake ukabadilika. Akaeleza kwa upole kwamba jiko lao ni la kosha, yaani linafuata sheria ya Wayahudi ya chakula, chakula kilichopikwa nje hakivuki kizingiti chake, hata kikiwa kitamu namna gani. Akasema hilo halina maana ya kumdharau mtu. Kisha akauliza, "Ni mara ya kwanza kunirudishia?"

"Mara ya kwanza? Kila wiki!"

"Kila wiki?"

Lionel alitoa simu yake akampigia Surjit, aliyekuwa kwenye harusi ya mpwa wake Southall, ndiyo maana siku hiyo Lionel alipeleka supu mwenyewe. Tulisikia ngoma upande wa pili.

"Surjit, Jumapili zote hizi mfuko wa yule bwana umekuwa ukirudi mtupu?"

Ngoma zikapigwa kidogo.

"Ulipokufikia ulikuwa mtupu," Surjit akajibu.

"Surjit!"

"Lionel, ningekuambia ungezuia. Mwambie bwana yule wiki iliyopita pilipili ilikuwa sawasawa."

Hiyo niliitafsiri neno kwa neno. Ukumbi ulipasuka. Hata upande wa walokole, akina mama walijifunika vitenge mdomoni. Nathanaël peke yake hakucheka. Alinyoosha kidole.

"Muulize huyu mzee. Ile Sabato kwenye website yetu ni ya nani?"

Sikuhitaji kumuuliza. Lionel alikuwa ameshika neno lenyewe.

"Sabato? Ni yangu," akasema, kisha akanitazama mimi kwa macho ya dereva aliyebeba walevi miaka arobaini. "Harrison. Umewanakilia tovuti yangu?"

Watu wote wakageuka. Kutoka chini mpaka juu, nilikuwa nimesema. Sasa chini nilikuwa nimefika, juu sikupaona.

"Ndiyo," nikasema. "Nilinakili. Lakini msiwe na wasiwasi, nimeshatengeneza! Tangu Ijumaa haifungi tena. Ile Sabato nimeifuta."

Nilitegemea makofi.

"Umeifuta?" Hiyo ilikuwa sauti ya Stéphanie, dada mwenye kichanga mgongoni, aliyekaa, msisahau, upande wa Nathanaël. "Njo maana! Papa Gervais aliniambia habari ya namba. Jana nimetafuta website muzima, nimeona bendera tu, bendera, bendera! Mutoto ana wiki mbili, sina nguvu ya kusimama jikoni. Nani alikutuma utengeneze?"

"Lakini si mlilalamika..."

"Nani alikutuma?" Mama Célestine naye akauliza.

Mimi, mwenye ulimi wa moto, nikavuta kiti nikakaa.

Nathanaël alijaribu mara ya mwisho. "Kwa hiyo chama ya Wakongo ifuate siku ya Wayahudi?"

Gervais, bado amesimama, akamtazama kama anavyotazamwa mwanafunzi wa nyuma darasani. "Katibu, weye unasoma Biblia kuliko sisi bote. Yesu alikuwa anapumzika siku gani?"

Nathanaël alikuwa mtu mkweli, lazima nimpe haki yake. Alitafuta jibu waziwazi mbele ya watu, hakulipata, akakaa.

Kura ilipigwa. Mikono ya kuvunja chama ilikuwa miwili, na mmoja ulikuwa wa mtu aliyekuwa akijinyoosha. Mama Célestine alikaa chini, akajipangusa macho kwa ncha ya kitenge, akasema kwa sauti ndogo, "Tutaendelea kusindikizana." Lionel akaahidi supu kwa yeyote atakayepiga. Jiko lake, alisema, lilikuwa limeanza kupika kwa mazoea tu, kwa watu wasiokuwepo.

Mimi nikapata pumzi. Nikaona nafasi ya kurudisha heshima yangu. Nikasimama.

"Basi nitairudisha ile Sabato. Ijumaa ifunge, Jumamosi usiku ifunguke, kama zamani. Na kurasa nyingine zote zibaki."

Mama Célestine akaniangalia kwa huruma, ile huruma inayouma.

"Harrison, mutoto yangu. Zile kurasa zingine, nani anazisoma?"

Akawageukia watu. "Nani amesoma historia ya Kivu?"

Mikono yote ikabaki mapajani. Historia ya Kivu waliikimbia kwa miguu, hawakuwa na haja ya kuisoma.

"Nani ameangalia ramani?"

Mtu akakohoa.

"Iweke ile moja tu," akasema. "Ile nyeupe. Kila siku, Jumatatu mpaka Jumapili. Namba ya supu, na chini yake namba yangu, ya wenye kwenda Croydon. Zingine toa."

"Na bendera, mama?"

"Toa."

Wakapiga kura ya pili, na hiyo hata Nathanaël alinyoosha mkono. Mikono yote juu, pamoja na ya kichanga, ambacho mama yake alikishikia.

Jumatatu nikafuta kila nilichokijenga kwa jasho. Ukabaki ukurasa mmoja, ambao sikujua hata kama nimeuweka. Miaka ile, hakuna tovuti yangu nyingine iliyopigiwa simu nyingi kama hiyo iliyofungwa siku zote.

Nawaachia neno moja, hasa nyinyi vijana mnaojitolea mkiwa na vichwa kama changu. Ukiwajengea watu kitu, usisimame mlangoni ukisubiri wasifu milango. Zunguka nyuma, uangalie wanaingilia wapi. Mara nyingi utakuta ni tundu ulilosahau kuziba. Lione, meza mate, na usilizibe.

Jina langu nililiacha pale chini kabisa: Imejengwa na Harrison.

Mama Célestine aliliona baada ya wiki moja. Akanipigia, akaniambia linachanganya wanaopiga simu, wanafikiri Harrison ndiye anayepika.

Nikalitoa.